MIFEREJI YA DATA: Jinsi Taarifa Zinavyoongozwa kutoka Hatua hadi Hatua katika Kompyuta

Katika miteremko ya Mlima Meru maji hayaachwi yajiendee yapendavyo. Tangu kabla ya utawala wa Wajerumani, Waarusha na Wameru wamekuwa wakichimba mifereji inayotoa maji mtoni, kuyapitisha kandokando ya mlima na kuyafikisha katika mashamba ya migomba, mahindi na mboga. Kila mfereji una mahali pake pa kuchepushia maji, matawi yake, malango yake na zamu za watumiaji wake. Tawi likifunguliwa kabla ya wakati wake, shamba la chini hukauka. Lango likisahauliwa wazi, shamba la juu hufurika. Maji ni yale yale; tofauti ya neema na hasara hutokana na jinsi njia yake ilivyopangwa.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya kompyuta. Data, yaani taarifa ghafi kama vile namba, majina na tarehe, huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili zikiwa ripoti, ramani au uamuzi. Katikati hupita katika hatua kadhaa, na kila hatua hufanya kazi yake kisha kuikabidhi kwa hatua inayofuata. Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyopangwa, na kwa nini mpango mbaya waweza kutoa jibu la uongo hata pale ambapo kila namba iliyopimwa ni sahihi. Mfano utakaotumika ni wa jambo linalowagusa wakazi wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima: kiasi cha floridi katika maji ya kunywa.

Floridi katika maji ya Meru

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566 hivi, ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana madini yenye floridi, na maji yanapopita humo huyeyusha sehemu ya madini hayo na kuyabeba. Kwa sababu hiyo maji ya eneo hili hutofautiana sana. Chemchemi moja yaweza kuwa na floridi kidogo, na kisima kisicho mbali nayo kikawa na floridi mara nyingi zaidi. Katika mto Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki ya mlima, vimepatikana vipimo vinavyozidi miligramu 10 kwa lita. Na katika maziwa ya Momela vipimo hufikia mamia ya miligramu kwa lita.

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyofutika, na mtu akiinywa kwa miaka mingi huweza kudhoofisha na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichopo chini ya wizara inayoshughulika na maji, kimefanya kazi kwa muda mrefu ya kutafuta njia za kuondoa floridi, hasa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru nayo imefanya utafiti juu ya jambo hili.

Floridi haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha ya kuitambulisha. Mwanakijiji hawezi kuijua ila kwa kupewa namba. Namba hiyo ikipotoshwa njiani, kisima chenye madhara kitaitwa salama, na watoto wataendelea kukinywa.

Hatua ni kitu gani?

Safari ya namba moja huanza pale chupa ya maji inapojazwa kisimani na kuandikwa jina la chanzo, tarehe na namba ya sampuli. Katika maabara, chombo kiitwacho elektrodi hutumbukizwa ndani ya maji na kutoa volteji ndogo inayohesabiwa kwa milivolti. Tangu hapo kazi huwa ya kompyuta, nayo yaweza kugawanywa hivi:

1. Kupokea: kusoma kumbukumbu za sampuli na vipimo vyake.
2. Kukagua: kutenga kumbukumbu zenye kasoro.
3. Kugeuza: kubadili milivolti kuwa miligramu kwa lita.
4. Kuunganisha: kukutanisha kipimo na maelezo ya kisima, yaani kijiji, kata na idadi ya watumiaji.
5. Kujumlisha: kupata wastani wa kila kisima.
6. Kuamua na kutoa ripoti: kulinganisha wastani na kiwango kinachoruhusiwa.

Kila hatua ina mambo matatu: kinachoingia, kazi inayofanyika, na kinachotoka. Hatua mbili zinapounganishwa, hapana budi kinachotoka katika ya kwanza kiwe ndicho kinachotarajiwa na ya pili. Hayo ni kama makubaliano kati ya jirani na jirani. Ikiwa hatua ya tatu inatoa miligramu kwa lita, na hatua ya sita inadhani imepewa milivolti, kompyuta haitashangaa wala kuuliza. Italinganisha namba na namba na kutoa jibu, kwa kuwa kwake 61 ni 61 tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupanga njia ya data ni kwamba kila namba isafiri pamoja na jina lake na kipimo chake.

Historia kwa ufupi

Wazo la kugawa kazi katika hatua ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilitumia kadi zilizotobolewa matundu. Makarani walitoboa kadi, wengine wakazipitisha katika mashine ya kuhesabu, kisha zikapangwa katika mafungu kwa ajili ya hesabu nyingine. Kadi ndiyo iliyobeba taarifa kutoka hatua moja hadi nyingine, na mikono ya wafanyakazi ndiyo iliyokuwa mfereji.

Mwaka 1964 Doug McIlroy, mtaalamu wa maabara za Bell huko Marekani, alipendekeza kwamba programu za kompyuta ziunganishwe kama vile watu wanavyounganisha vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, kipande kimoja kikiongezwa pale kinapohitajika. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson aliliingiza wazo hilo katika mfumo wa Unix. Tangu hapo mtumiaji aliweza kuandika majina ya programu mbili na kuweka mstari mmoja wa wima kati yake, na matokeo ya programu ya kwanza yakamiminika moja kwa moja katika ya pili. Kifaa hicho kiliitwa bomba, na mstari huo ungali ukitumika hata leo.

Nchini Tanzania, kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika sensa ya mwaka 2022 makarani walikusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Mashine zimebadilika mno, lakini hatua za kupokea, kukagua, kuunganisha na kujumlisha zimebaki zile zile.

Mfuatano wa hatua

Huenda msomaji akadhani kwamba, maadamu hatua zote zimefanyika, mfuatano wake si jambo kubwa. Mfano ufuatao, ambao namba zake zimechaguliwa kwa ajili ya maelezo, unaonyesha kinyume chake.

Elektrodi ya floridi haitoi volteji inayolingana moja kwa moja na kiasi cha floridi. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kila floridi inapoongezeka mara kumi, volteji hushuka kwa takriban milivolti 59. Huu ni uhusiano wa logi, ambao wanafunzi wa sekondari huukuta katika hisabati. Ichukuliwe kwamba kisima kimoja kilipimwa mara mbili, mara ya kwanza wakati wa masika na mara ya pili wakati wa kiangazi. Kipimo cha kwanza kilikuwa milivolti 120, sawa na miligramu 0.3 kwa lita. Cha pili kilikuwa milivolti 61, sawa na miligramu 3.0.

Mpango wa kwanza unageuza kabla ya kujumlisha. Wastani wa 0.3 na 3.0 ni 1.65. Kiasi hicho kinazidi 1.5, na kisima hakifai.

Mpango wa pili unajumlisha kabla ya kugeuza. Wastani wa milivolti 120 na 61 ni 90.5, ambao ukigeuzwa huwa takriban miligramu 0.95. Kiasi hicho kiko chini ya 1.5, na kisima kinatangazwa kuwa salama.

Vipimo ni vile vile, kazi zilizofanyika ni zile zile, na hakuna kosa la kuhesabu popote. Kilichobadilika ni mfuatano wa hatua mbili. Mwalimu wa hisabati atatambua kwamba mpango wa pili umetoa wastani wa kijiometri, yaani kipeuo cha pili cha zao la 0.3 na 3.0, wakati kinachohitajika ni wastani wa kawaida. Mwili wa mtoto hukusanya miligramu, haukusanyi milivolti.

Pengo si sifuri

Hali kadhalika, ukaguzi hauna budi kutangulia kujumlisha. Tuseme kisima kilipimwa mara nne, na matokeo yakawa 2.0, 1.8 na 2.2, lakini chupa ya nne ilivunjika njiani. Katika kumbukumbu nafasi ya nne imeachwa wazi. Wastani wa vipimo vitatu vilivyopo ni 2.0. Programu ikiachwa isome nafasi iliyo wazi kama sifuri, jumla ya 6.0 itagawanywa kwa nne na wastani utakuwa 1.5. Kiasi hicho hakizidi kiwango, na kisima kitapita kwa sababu ya chupa iliyovunjika.

Kwa hiyo mpangaji hupaswa kuamua, kabla ya kazi kuanza, nini kitendeke kwa kumbukumbu yenye pengo. Yaweza kurudishwa maabara, kuwekwa kando katika orodha yake, au kuruhusiwa kupita ikiwa na alama maalumu. Lililo baya kabisa ni kuitupa bila kuandika popote. Katika mfereji, maji yanayovuja hulowesha ardhi na mvujo huonekana. Data zinazovuja hazilowanishi kitu.

Njia panda na makutano

Mara nyingi data hazifuati njia moja iliyonyooka. Baada ya kukaguliwa, kumbukumbu zenye kasoro hufuata tawi moja na zilizo safi tawi jingine. Aidha, kumbukumbu zile zile zaweza kunakiliwa katika matawi mawili: moja la kutafuta wastani na jingine la kutafuta kipimo cha juu kuliko vyote. Hapa ndipo data zinapotofautiana na maji. Maji yakigawanywa, kila tawi hupata pungufu. Data zikinakiliwa, kila tawi hupata zote. Mpangaji asiyetaja waziwazi kama anagawa au ananakili huweza kuhesabu kisima kimoja mara mbili matawi yanapokutana tena.

Makutano yana hatari yake. Ili kipimo kikutane na maelezo ya kisima, ni lazima pawe na ufunguo, yaani jina au namba inayopatikana katika orodha zote mbili. Katika eneo la Meru majina ya mahali yenye asili ya Kimaasai huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Karani mmoja huandika Engare Nanyuki, mwingine Ngarenanyuki. Kwa mwenyeji ni dhahiri kwamba majina hayo yanahusiana. Kwa kompyuta ni mahali pawili tofauti kabisa.

Ikiwa makutano yamepangwa ili yapitishe tu kumbukumbu zilizopata wenzi, basi kati ya visima 30 vilivyopimwa huenda vikatoka 26, na vile vinne ambavyo majina yake yaliandikwa tofauti visionekane tena. Ripoti itakuwa safi na nadhifu, lakini wakazi wa vijiji vinne hawatakuwemo. Dawa yake ni mbili. Kwanza, kila kisima kipewe namba yake ya kudumu itakayotumika kama ufunguo badala ya jina. Pili, makutano yapangwe ili kumbukumbu isiyo na mwenzi itoke katika tawi lake, ambapo mtu ataitazama.

Mwendo usiolingana

Hatua hazifanyi kazi kwa kasi moja. Ichukuliwe kwamba kumbukumbu 60 huingia kwa saa, lakini hatua ya kukagua, ambayo inahitaji macho ya mtaalamu, humudu 40 tu. Kila saa hubaki 20 zisizoshughulikiwa. Kati ya hatua hizo mbili pahitajika hifadhi ya muda.

Wakulima wa Upare wanalijua jambo hilo vizuri. Wao hujenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambayo hujaa usiku wakati hakuna anayemwagilia, na asubuhi hufunguliwa ili maji yawe na nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali. Hifadhi ya muda katika kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo. Kama kumbukumbu zinaingia kwa saa nne tu za asubuhi, zitakazokuwa zimebaki ni 80, na baada ya saa mbili zaidi zote zitakuwa zimekwisha. Lakini kama zinaingia mfululizo bila kukoma, hifadhi yenye nafasi 100 itajaa baada ya saa tano, na hakuna ukubwa wa hifadhi utakaoitosha milele.

Hifadhi inapojaa, yapo mambo matatu yanayoweza kupangwa. La kwanza ni kuisimamisha hatua ya juu hadi nafasi ipatikane. Hakuna kinachopotea, ila kazi yote huchelewa. La pili ni kuziacha kumbukumbu za ziada zianguke, jambo linaloweza kuvumilika kwa kipimo cha joto kinachorudiwa kila sekunde, lakini lisilofaa kwa sampuli ya kisima iliyobebwa kutwa nzima kutoka kijijini. La tatu ni kuongeza wafanyakazi katika hatua iliyo nzito. Wakaguzi wawili humudu kumbukumbu 80 kwa saa na foleni hutoweka. Hata hivyo, wawili wakifanya kazi kwa pamoja, iliyotangulia kuingia yaweza kuchelewa kutoka. Kwa hiyo ni lazima kila kumbukumbu iwe na namba na tarehe ili mfuatano uweze kurudishwa.

Ni vema kukumbuka kwamba kasi ya mfumo mzima haizidi kasi ya hatua iliyo pole kuliko zote. Kununua mashine yenye kasi kwa ajili ya hatua ya kwanza, huku ya pili ikiwa ndiyo inayokwama, ni kurefusha foleni tu.

Vigezo viwekwe mahali vinapoonekana

Hatua ya mwisho hulinganisha wastani na kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango hicho chatoka wapi? Tanzania, kwa kuzingatia uhaba wa maji safi vijijini, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na hatimaye hadi 1.5. Programu ambayo ndani yake namba 4 imeandikwa katikati ya maelekezo mengine ingeendelea kuvipitisha visima vya miligramu 3 hata baada ya sheria kubadilika, na asiyeiandika programu hiyo asingejua mahali pa kuitafuta.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutenga kazi na vigezo. Kazi, yaani namna ya kulinganisha, hubaki ndani ya programu. Vigezo, kama vile kiwango, ukubwa wa hifadhi, njia ya kumbukumbu zenye pengo na mfuatano wa hatua, huandikwa katika faili moja fupi nje ya programu. Siku hizi zipo programu ambazo mtumiaji huchora hatua kama visanduku na kuviunganisha kwa mishale. Mchoro huo wenyewe ndio mpangilio. Uzuri wake ni kwamba hata asiyejua kuandika programu, kama vile mganga wa wilaya au mhandisi wa maji, anaweza kuusoma na kuuliza: kwa nini mshale huu unapita hapa?

Hesabu ya kuingia na kutoka

Mwenye duka hulinganisha bidhaa zilizoingia na zilizouzwa pamoja na zilizobaki. Njia ya data hustahili ukaguzi kama huo katika kila hatua: idadi iliyoingia iwe sawa na idadi iliyotoka, pamoja na iliyotengwa, pamoja na iliyo katika hifadhi. Kama kumbukumbu 240 zimeingia katika ukaguzi, 215 zikapita na 9 zikatengwa, basi katika hifadhi zinapaswa kuwapo 16. Zikionekana 12, nne zimepotea, na mahali zilipopotea pamejulikana. Kanuni hii ni rahisi, haihitaji mashine ya gharama, nayo hufichua makosa mengi kabla hayajafika kwenye ripoti.

Zoezi la darasani

Somo hili laweza kufundishwa bila kompyuta. Mwalimu aandae kadi 40, kila moja ikiwa na jina la kisima, tarehe na kipimo. Kadi chache ziachwe bila kipimo, na chache ziandikwe jina la kisima kwa tahajia tofauti. Wanafunzi sita wakae katika mstari, kila mmoja akiwa hatua moja kati ya zile sita zilizotajwa, na kati yao ziwekwe sahani zisizobeba zaidi ya kadi tano. Kazi ianze, na darasa litazame mambo haya:

(a) Foleni imetokea mbele ya nani, na kwa nini?
(b) Sahani ilipojaa, mwanafunzi wa nyuma alifanya nini? Je, alikuwa ameelekezwa?
(c) Kadi zenye pengo ziliishia wapi?
(d) Jumla ya kadi mwishoni ni 40? Kama sivyo, zilizopungua zilipotelea katika hatua gani?
(e) Mfuatano wa hatua mbili ubadilishwe na kazi irudiwe. Je, kuna kisima kilichobadilika kutoka hatari kuwa salama?

Wanafunzi wa Arusha wanaweza kuanza na mabomba na visima wanavyovitumia nyumbani, na kuuliza katika ofisi ya maji kama vipimo vyake vinapatikana. Namba watakayopewa itakuwa imepita katika hatua nyingi kabla ya kuwafikia. Baada ya zoezi hili watakuwa na haki, na pia uwezo, wa kuuliza ilipita wapi.